Andikeni, Msitegemee Kichwa

Ndugu wanakikundi, mnajuaje kama kazi yenu inaendelea mbele? Mwaka 1937 vilima vya Machakos vilipigwa picha, vikiwa vimeliwa na mmomonyoko. Mwaka 1991 watafiti walipiga picha sehemu zile zile: matuta yaliyochimbwa na mwethya na jamaa zenyewe yameshika udongo, ingawa watu wameongezeka zaidi ya mara tano. Bila zile picha za kwanza, nani angeamini?

Daftari lenu ndiyo picha yenu. Andikeni tarehe, mchango wa kila mmoja, mikopo, magunia mliyovuna na bei ya soko. Hesabu isomwe mbele ya wote kila mkutano. Mama akisema, "Mimi nililipa," daftari limjibu, sio uvumi.