Simu ya intaneti: Kwa nini sauti kutoka Butare ilichelewa kufika

Rwanda ina Butare mbili. Moja ni sekta ya wilaya ya Rusizi, katika eneo lililoitwa zamani Cyangugu. Nyingine ni mji wa kusini, ulioitwa Huye tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2006, ambako Chuo Kikuu cha Taifa kilifunguliwa mwaka 1963. Zote ziko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi, na kwa miaka mingi umbali huo ndio ulioamua nani aweze kuzungumza vyema kwa intaneti.

Simu ya intaneti huikata sauti vipande vidogo, ambavyo husafiri katika njia moja na barua pepe na video. Haihitaji data nyingi. Kilobiti 100 kwa sekunde kila upande hutosha. Adui yake ni kuchelewa. Shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili.

Kabla ya mwaka 2009 vyuo vya ukanda huu vilitegemea setilaiti, zilizo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Sauti hupanda na kushuka kwa karibu milisekunde 250. Jibu linaporudi, nusu sekunde imekwisha pita. Wazungumzaji huanza kusema kwa pamoja, kisha wote wawili hunyamaza wakingojeana. Tena megabiti moja kwa sekunde iligharimu maelfu ya dola kwa mwezi.

Hata hivyo, si kila simu inapaswa kutoka nje ya chuo. Seva ya simu ikiwekwa chuoni, mhadhiri humpigia msajili kupitia mtandao wa ndani bila kulipia dakika. Sharti ni kwamba wasanifu waitengee sauti njia yake na kuipa kipaumbele. Wapo wanaoamini kwamba kununua kasi zaidi kunatosha. Mara nyingi hakutoshi, kwani wanafunzi wachache wanaopakua filamu waweza kuivuruga simu ya ofisi nzima. Umeme nao ukikatika, simu hizi huzimika iwapo swichi hazina betri, jambo ambalo hukumbukwa siku ya dharura.

Nje ya chuo, hatua zilikuja moja moja. Mwaka 2004 kituo cha RINEX kilianza Kigali, ili data za ndani zibadilishwe nchini badala ya kuzungushwa ng'ambo. Mwaka uliofuata RwEdNet, mtandao wa elimu wa Rwanda, ulikuwa miongoni mwa waasisi wa muungano wa UbuntuNet. Kisha nyaya za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa mwaka 2009, na Rwanda ikatandaza mkongo wake hadi wilayani. Lakini nchi isiyo na pwani hupitisha mawasiliano yake katika ardhi ya jirani. Mkongo ukikatwa huko, ni mwenye njia ya pili tu anayeendelea kusikika.

Rusizi na Bukavu hutenganishwa na mto ambao mtu huuvuka kwa miguu darajani. Simu ya intaneti kati ya miji hiyo, pasipo kiungo cha karibu baina ya kampuni za pande mbili, huenda ikalazimika kwanza kuzunguka hadi Ulaya.