Sabuni ya jikoni yaweza kushusha bei ya gari

Mfanyabiashara anayenunua gari lililotumika ili aliuze tena hukagua mengi, lakini mteja wake huanza na rangi. Boneti iliyofifia humpa mteja sababu ya kuomba apunguziwe bei kabla hata injini haijawashwa. Gari likipigwa rangi upya, mteja mwangalifu huuliza liligongwa wapi. Kwa hiyo rangi ya kiwandani ni sehemu ya mtaji, na mtaji huo waweza kuharibiwa na vitu vya kusafishia nyumba.

Magari mengi ya tangu miaka ya 1990 yana tabaka la vanishi angavu juu ya rangi yenyewe. Unene wa tabaka hilo kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50, yaani karibu sehemu moja ya 20 ya milimita. Mng'ao wote hutegemea hapo. Vanishi ikilika, hairudi.

Sabuni ya unga ya kufulia ndiyo inayotumika sana. Kazi yake ni kung'oa mafuta kwenye nguo, hivyo huondoa pia nta inayokinga rangi. Chembe ambazo hazijayeyuka hukwaruza. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo haina chembe, lakini nayo huondoa nta. Ifae mara moja moja tu, hasa kabla ya kupaka nta mpya.

Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe isiguse gari. Hufifisha rangi na kuleta kutu penye mkwaruzo. Isichanganywe kamwe na siki, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Stilwaya na unga wa kusugulia sufuria ni marufuku. Dawa ya meno, ambayo wengine huitumia kuficha mikwaruzo, nayo husugua: hupunguza vanishi kidogo kila inapotumika.

Vipo vya nyumbani vinavyofaa kwa uangalifu. Siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa huondoa madoa meupe yanayoachwa na maji ya chumvi ya kisima. Mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa laini hulainisha lami, mbali na moto na bila kugusa mipira ya milango. Vyote viwili vioshwe mara moja kwa maji mengi. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Utaratibu wa kuosha nao una thamani yake. Gari lioshwe kivulini, bodi ikiwa imepoa. Mwaga maji kwanza ili mchanga uondoke, kisha tumia ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Anza juu, malizia chini, na ukaushe. Kinyesi cha ndege kilainishwe kwa maji na kuondolewa siku hiyo hiyo, maana hula vanishi upesi juani.

Mwenye magari kadhaa uwanjani awape vijana wake shampuu ya gari na kuwasimamia wanapoosha. Gharama yake ni ndogo kuliko kupiga rangi boneti moja, na gari hubaki na rangi yake ya kiwandani siku ya kupatana bei.