Dawa za Kupunguza Lehemu: Kwa Nini Zisiachwe Kiholela

Lehemu ni aina ya mafuta ambayo mwili huyahitaji, na sehemu kubwa yake hutengenezwa na ini. Inapozidi katika damu, hujijenga taratibu ndani ya kuta za mishipa na kuifanya miembamba. Tabaka hilo likipasuka, damu huganda juu yake na kuziba njia. Mshipa wa moyo ukiziba, hutokea shambulio la moyo. Ukiziba wa ubongo, hutokea kiharusi. Lehemu iliyozidi kwa kawaida haina dalili. Hujulikana kwa kipimo cha damu.

Dawa zinazotumiwa zaidi ni za kundi la statini, zikiwemo atorvastatini na simvastatini. Hupunguza utengenezaji wa lehemu katika ini, na ini huondoa lehemu zaidi kutoka katika damu. Utafiti wa nchi za Skandinavia uliochapishwa mwaka 1994 uliwafuatilia wagonjwa wa moyo 4,444 kwa zaidi ya miaka mitano. Miongoni mwa waliopewa simvastatini, vifo vilipungua kwa takriban asilimia 30 vikilinganishwa na vya waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Hata hivyo, mgonjwa anayemeza statini hasikii nafuu yoyote ya wazi, na kwa sababu hiyo wapo wanaoacha mara kipimo kinapokuwa kizuri. Kipimo hicho huonyesha kwamba dawa inafanya kazi, si kwamba tatizo limekwisha. Ikiachwa, lehemu hupanda tena katika muda wa wiki chache.

Statini zina madhara pia. Baadhi ya watumiaji hupata maumivu ya misuli, na sukari ya damu yaweza kupanda kidogo. Maumivu makali ya misuli yakiambatana na udhaifu au mkojo mweusi ni dharura, ingawa hutokea kwa nadra. Mgonjwa afike kituo cha afya bila kuchelewa. Mjamzito, au anayetarajia kushika mimba, amweleze daktari mapema. Vivyo hivyo anayetumia erithromisini, klarithromisini au dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kwani baadhi huongeza kiwango cha statini mwilini.

Dawa inapoleta usumbufu, daktari aweza kupunguza dozi au kuibadilisha. Uamuzi huo ufanyike kituoni, si nyumbani. Na kidonge hakichukui nafasi ya kuacha tumbaku, kupunguza mafuta na kuushughulisha mwili.