Jicho la Mpiga Picha Sharti Lifunzwe

Wahenga walinena kuwa macho hayana pazia. Walinena kweli, ila kutazama si kuona. Vijana wengi ninaozungumza nao hapa Miritini wana simu zenye kamera, lakini hushikilia kwamba mtaa wetu hauna la kupigwa picha isipokuwa vumbi, malori na makontena. Wakitaka picha ya kupendeza, huabiri matatu hadi Ngome ya Yesu. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Upungufu haumo mtaani bali machoni, na dawa yake ni kuzitalii kazi za wachoraji na wapiga picha waliotutangulia.

Hebu tumtazame Mfaransa Henri Cartier-Bresson (1908–2004). Kabla ya kuvuma kwa kamera, alisomea uchoraji kwa André Lhote, akajifunza kupanga maumbo ndani ya mipaka ya picha. Kilichomsukuma kuishika kamera kwa dhati ni picha moja ya Martin Munkácsi, ya mnamo 1930, inayowaonyesha wavulana watatu Waafrika wakiyakimbilia mawimbi. Aghalabu hutajwa kuwa ni ya Ziwa Tanganyika. Je, watoto wa kwetu hawachezi majini?

Mholanzi Rembrandt (1606–1669) naye alipochora sura za watu, mara nyingi aliuacha mwanga uangukie upande mmoja wa uso, penginepo pakamezwa na giza. Mwanafunzi aliyeichunguza kazi hiyo hatampita tena fundi aliyeinamia injini ya lori gerejini, mwanga ukimjia kutoka mlangoni. Seydou Keïta wa Mali, aliyefungua studio mjini Bamako mwaka wa 1948, aliwapiga watu picha uani kwa mwanga wa jua, nyuma yao akitundika kitambaa. Mwanzoni kilikuwa tandiko la kitanda chake. Nani kwetu amekosa leso ya kutundika?

Wala jambo hili si geni Mombasa. Katika miaka ya 1990, karibu na kivuko cha Likoni, wapiga picha walikuwa na vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba. Mchoraji na mpiga picha walikula sahani moja. Vibanda vile vilitoweka, lakini picha zake zingalimo katika albamu za jamaa nyingi.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kufunza wana uigaji. La hasha! Mshairi chipukizi hujifunza vina na mizani kwa waliomtangulia, kisha akasema yaliyo moyoni mwake. Kwa hivyo nawasihi walimu wenzangu: kila juma leteni darasani picha moja ya bingwa, muwaulize wanafunzi maswali matatu. Mwanga watoka wapi? Jicho laanzia wapi? Ni kitu gani kilichoachwa nje? Kisha watoke mtaani, waombe ruhusa ya watu, wapige picha zao wenyewe.

Tangu stesheni ya reli mpya ifunguliwe hapa mwaka wa 2017, maelfu ya wasafiri wamepitia Miritini bila kuijua. Mtaa nao unabadilika mbio. Wana wetu wasipojifunza kuuona, nani atawaonyesha wajukuu zetu tulivyokuwa?