Sumaku Ikinasa, Bado Si Kimondo

"Kamwene, mwalimu. Nina kimondo hapa. Sumaku inanasa kabisa. Kinaweza kufika bei gani?"

Swali hili limenichosha. Linanifuata kwenye simu, linanifuata kanisani, na kwa kuwa ninaishi Ipogolo, ambako barabara kuu ya kwenda Zambia inapita chini ya mji wa Iringa, linanishukia pia kutoka kwenye mabasi. Jiwe jeusi limefungwa kwenye kitenge, mwenyewe amelipakata tangu Makambako, na mfukoni ana sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu. Anaibandika, inanasa, ananitazama usoni akisubiri nitaje mabilioni.

Niwaambie wote kwa pamoja, maana kumwambia mmoja mmoja kumeshindikana: sumaku haitambui kimondo. Inachotambua ni chuma na baadhi ya madini yake, na nyanda hizi zimejaa vitu hivyo. Kule Liganga, wilayani Ludewa, kuna kilima kizima cha mawe ya chuma yenye titani na vanadi. Okota lolote, litanasa. Halikutoka mbinguni, lilitoka chini.

Kisha kuna mavi ya chuma. Wafipa, Wapangwa na Wanyiha walikuwa wayeyushaji na wahunzi hodari kwa vizazi vingi kabla ya majembe ya dukani. Walichimba mawe yenye madini, wakayachoma kwa mkaa kwenye matanuri ya udongo, wakatoa chuma, na taka zake wakaziacha palepale. Taka hizo ni nyeusi, nzito, zina vitundu na mng'ao, na zimelala mashambani mpaka leo zikisubiri jembe la mtu mwenye ndoto za utajiri. Sehemu kubwa ya "vimondo" ninavyoletewa ni kazi ya mikono ya mababu zetu. Ningefurahi watu wangeniuliza kuhusu hao mababu, lakini hawaulizi. Mabaki mengine yanatoka karibu zaidi: vipande vya breki za malori, gololi, matone ya mafundi wa kuchomelea. Nimewahi kuletewa kimondo ambacho upande mmoja kilikuwa na tundu la bolti.

Chanzo cha imani hii ninakijua. Ni Kimondo cha Mbozi. Kila aliyesoma huku amepelekwa Ndolezi na shule yake, akasimama mbele ya lile donge la tani 16 hivi, akaambiwa kwamba takribani asilimia 90 ni chuma na karibu 9 ni nikeli. (Ataambiwa pia kwamba kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi W. H. Nott, kana kwamba Wanyiha waliokuwa wakilima kandokando yake walikuwa vipofu.) Mwanafunzi anarudi nyumbani na hesabu moja kichwani: kimondo ni chuma, basi chuma ni kimondo. Kweli, vimondo vya chuma ndivyo vinavyohimili karne nyingi ardhini na kumshtua mpita njia. Lakini katika kila vimondo 100 vilivyoonekana vikianguka, vya chuma ni vitano hivi tu. Vilivyobaki karibu vyote ni mawe, na baadhi ya mawe hayo hayana chuma halisi hata chembe.

Mfano bora wa mawe hayo uko hukuhuku kwetu, na ni ajabu kwamba karibu hakuna anayeujua. Tarehe 16 Desemba 1938, jiwe lilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, katika eneo ambalo leo liko mkoa mmoja na Mbozi. Kilichookotwa kilikuwa na uzito wa gramu 704.5. Ni jeusi, jepesi, laini, linamegeka kwa vidole. Lingelala nje masika moja tu, mvua ingelimaliza. Dalali wa leo angelipima kwenye kiganja, angeliona halina uzito, akalitupa mtaroni.

Jiwe hilo limetoa jina kwa kundi zima la vimondo. Wataalamu duniani kote huliita kundi CI, na ile I ni ya Ivuna. Vimondo vya kundi hilo vilivyoshuhudiwa vikianguka ni vitano tu. Ukiondoa gesi nyepesi kama haidrojeni na heli, viambato vyake vinalingana na vya Jua kuliko kitu kingine chochote tunachoweza kushika mkononi. Ni malighafi iliyobaki tangu Dunia haijaumbika. Ndani yake kuna maji yaliyofungwa kwenye madini, na kuna asidi za amino. Wajapani walirusha chombo chao Hayabusa2 mwaka 2014, kikaenda mpaka kwenye sayari ndogo ya Ryugu, kikarudi Desemba 2020 na gramu 5.4 za vumbi na changarawe. Maabara zilipolichunguza, ndugu yake wa karibu kabisa alikuwa kundi la Ivuna. Safari ya miaka sita kwa gramu tano, na kwetu zilishuka mia saba bila nauli. Kipande kikubwa sasa kiko Makumbusho ya Historia ya Asili, London. Sijaona basi la wanafunzi likienda Ivuna.

Narudi kwenye sumaku yako, maana madhara yake hayaishii kwenye kukudanganya. Kimondo halisi kinaweza kuwa kimehifadhi kumbukumbu ya uga wa sumaku wa kule kilikotoka, kumbukumbu ya mabilioni ya miaka. Ukikipitishia sumaku yenye nguvu, unaifuta papo hapo. Mwaka 2023 watafiti walieleza jinsi walivyochunguza vipande vya kimondo maarufu cha kutoka Mars kilichopatikana jangwa la Sahara, wakakuta vimeharibiwa hivyo hivyo na wachuuzi waliokuwa "wanapima".

Mengine niyapitie haraka. Kimondo kidogo hakitui kikiwaka moto. Joto huunguza ngozi ya nje tu kikiwa juu sana, kisha mwendo hupungua na kipande humalizia safari kimezimika. Vimondo vilipoanguka kama mvua Mbale, Uganda, tarehe 14 Agosti 1992, kipande cha gramu 3.6 kilipitia kwenye migomba kikamgonga mvulana kichwani. Hakuumia, hakuungua. Hukohuko Mbale wapo waliosaga mawe yale wakayala, wakiamini ni dawa ya UKIMWI. Ulikuwa unga wa jiwe, na unga wa jiwe hautibu kitu, uwe umetoka angani au Ludewa. Wala si kila kinachoshuka ni kimondo: pete ya chuma ya kilo 500 iliyoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, Desemba 2024, ilielezwa kuwa kipande cha roketi.

Haya, cha kufanya. Liangalie jiwe kwanza. Lina vitundu kama vya maandazi? Tupa. Lina fuwele nyeupe za kwarzi? Tupa. Lisugue nyuma ya kigae, upande usio na rangi: likiacha mstari mwekundu au mweusi, ni madini ya kawaida, tupa. Ukiona ganda jeusi jembamba na ndani ni rangi nyingine, au vibonyeo bila vitundu, hapo endelea. Usilipashe moto, usilioshe, usilivunje, sumaku iache nyumbani. Kama ulishuhudia likianguka, andika siku, saa, mahali na majina ya walioona. Hayo yana thamani kuliko maelezo yote ya dalali. Lifunge kwenye karatasi kavu, ulipeleke ofisi ya madini ya mkoa, au Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Dodoma, au kwa wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watapima nikeli. Likithibitika, ili litambulike kimataifa lazima gramu 20, au sehemu ya tano ya jiwe kama ni dogo, ibaki kwenye hifadhi ya kitaalamu. Bei hujadiliwa baada ya hapo, na mawe mengi ya kawaida hayanunui hata pikipiki. Kile cha Mbozi usikiguse na tindo lako, kimelindwa kisheria tangu 1967. Anayekudai ada ya "kupima kwa mashine" stendi, mkimbie. Na picha zilizopigwa usiku kwa tochi ya simu sizijibu.