Liemba, Meli Iliyosafiri Ndani ya Makasha

Wenyeji wa Rumonge na Nyanza-Lac wanazijua vyema meli na mitumbwi ya Ziwa Tanganyika. Lakini hakuna chombo chenye historia ya ajabu kama Liemba, meli ambayo kwa miaka mingi iliunganisha Bujumbura na Kigoma hadi Mpulungu, Zambia.

Iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani, ikapewa jina Graf von Götzen. Ziwa halina njia ya maji ipitikayo na meli kutoka baharini. Kwa hiyo iliundwa ili ifunguliwe tena. Vipande vyake vilitiwa katika makasha yapatayo 5,000, vikapelekwa Dar es Salaam, na kutoka huko vikachukuliwa kwa reli kuelekea Kigoma. Mafundi walioandamana nayo waliiunga upya kwa ribiti, bamba kwa bamba, na mwezi wa Februari 1915 ikashushwa majini. Urefu wake ulizidi mita 70.

Vita vilikuwa vimekwisha kuanza, basi meli ya abiria ikageuzwa manowari. Ilifungwa mzinga uliotoka katika manowari Königsberg, ile iliyoangamia mtoni Rufiji. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani walilazimika kuiacha Kigoma, wakaamua kuizamisha wenyewe. Hapa ndipo ilipo siri ya umri wake: kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nene. Pengine hapajapata kuwako grisi iliyofanya kazi bora zaidi katika Afrika ya Mashariki! Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini na boila zilikuwa bado zafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na ikaendelea kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ilipofungwa injini za dizeli.

Kwa watu wa Burundi, hata hivyo, Liemba haikumbukwi kwa mzinga wala kwa mvuke. Mwezi wa Mei 1915 ulikuwa wa vita. Mei 2015 ulikuwa wa wakimbizi. Maelfu ya Warundi walivuka mpaka wakakusanyika Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya milima na ziwa. Hapakuwa na gati ya kupokea meli kubwa. Liemba, iliyoruhusiwa kuchukua abiria 600, ilitia nanga mbali kidogo na ufuko, na mitumbwi ya wavuvi ikawapeleka akina mama, watoto na wazee hadi ubavuni mwake, wakapandishwa na kupelekwa Kigoma.