Shokamzoba na Springi za Motokaa

Watu wengi hudhani kwamba shokamzoba ndizo zibebazo uzito wa motokaa. Sivyo. Mzigo hubebwa na springi. Kazi ya shokamzoba ni kuituliza springi isirukeruke. Ndani yake mna mafuta na pistoni yenye matundu madogo. Gurudumu likiangukia shimo, pistoni huenda juu na chini, mafuta hupenya matunduni kwa shida, na nguvu ya kishindo hugeuka kuwa joto. Ndiyo sababu shokamzoba huwa ya moto baada ya mwendo mrefu katika barabara mbovu.

Shokamzoba ikifa, hasara si ya abiria kutikiswa tu. Gurudumu lirukalo haligusi ardhi sawasawa, na breki haiwezi kusimamisha gari kwa gurudumu lililo hewani.

Siku hizi wenye magari wengi hununua koilova, yaani shokamzoba iliyozungukwa na springi. Wazo hilo si geni. Earle MacPherson, mhandisi wa Marekani, alibuni mguu wa gari wa namna hiyo, nao ukatumiwa katika Ford Consul iliyoonyeshwa London mwaka 1950. Koilova imeongezewa pete yenye hesi: ukiizungusha, gari hupanda au hushuka.

Hapo ndipo penye hatari. Wengine hulishusha gari mno ili lipendeze. Katika koilova nyingi, kadiri ushushavyo pete, ndivyo nafasi ya kubonyea inavyopungua. Gari likikuta shimo, pistoni hufika mwisho na kugonga. Ufito hupinda na mafuta huvuja. Kwa barabara zetu za udongo, heri gari lisimame juu.

Anayetaka kuzifunga na ashike haya:

1. Gari lisimamishwe juu ya stendi imara, si jeki peke yake.

2. Springi ya zamani imebanwa kwa nguvu nyingi. Usifungue nati ya juu kabla ya kuitia vibano vyake, kwani ikifyatuka huweza kuua mtu.

3. Usiushike kwa koleo ule ufito unaong'aa. Mkwaruzo mdogo hukata mpira uzuiao mafuta.

4. Usiache mpira wa kupokea kishindo wala kifuniko cha kuzuia vumbi. Hivyo ndivyo vilinzi vya shokamzoba.

5. Boliti zipitazo katika mipira ya chini zikazwe mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa hewani, mipira hubaki imesokotwa na hupasuka upesi.

6. Badilisha za pande zote mbili pamoja, kisha magurudumu yapimwe na kunyoshwa.

Baadaye, kila mara bonyeza pembe ya gari kwa nguvu, uiache. Ikiruka mara nyingi kabla ya kutulia, au shokamzoba ikiwa imelowa mafuta, mwite fundi mapema. Bei ya shokamzoba ni ndogo kuliko bei ya ajali.